Monowi, Nebraska: mji ulibaki na mtu mmoja, sensa ya 2020 iliwatoa wapi wawili?

#1 Bwana_Ramani

Wakuu, salaam. Kuna kamji kanaitwa Monowi, Boyd County (yaani wilaya ya Boyd), kaskazini mwa jimbo la Nebraska, Marekani, karibu na mpaka wa South Dakota, kati ya mto Niobrara na Missouri. Sensa zake ni hizi:

1910: 109
1920: 100
1930: 123
1940: 99
1950: 67
1960: 40
1970: 16
1980: 18
1990: 6
2000: 2
2010: 1
2020: 2

Madai yangu: mji huu ulizaliwa ukiwa wa ziada. Ulipimwa 1902 reli ya Fremont, Elkhorn & Missouri Valley ilipofika pale. Wenye reli walipanga vituo kila maili 7 hadi 10 kwa sababu ya farasi. Gari la farasi wawili hubeba kama busheli 50 za nafaka (zaidi kidogo ya tani moja), na likiwa limejaa linakwenda maili 2 au 3 kwa saa. Mkulima aliye maili 5 kutoka kituoni anafika, anauza, ananunua sukari na misumari, anarudi kabla ya giza. Ukiweka vituo maili 20 kwa 20, wa katikati hawezi. Farasi alipoondoka, nusu ya vituo vile vikabaki havina kazi.

Anayepinga aje na hesabu, siyo hisia.

#2 Kibatari

Nimevuta kiti. Swali la kizembe kwanza: mtu mmoja anakuwaje mji? Uchaguzi anajipigia mwenyewe?

#3 Msomi_wa_Vichochoroni

Kibatari, ndiyo. Mkazi wa mwisho ni mama mwenye baa, aliyeiendesha na mumewe tangu 1971. Mume alifariki 2004, akabaki peke yake. Yeye ndiye meya, karani, mhazini, mkutubi na mhudumu wa kaunta. Leseni ya pombe inapopita ngazi ya mji, karani wa kuishughulikia ni yeye. Kodi anajitoza mwenyewe. Taarifa nyingi zimetaja kama dola 500 kwa mwaka, za maji na taa nne za barabarani.

#4 Karani_Mstaafu

Marekebisho kwa #3. Kwa sheria za Nebraska Monowi ni kijiji, na kijiji hakina meya. Kina bodi ya wajumbe watano ambao huchagua mwenyekiti. Magazeti yanaandika meya kwa sababu habari inanoga. Na kijiji kinasajiliwa kikiwa na watu 100 hadi 800. Kikishasajiliwa, kushuka chini ya 100 peke yake hakukifuti.

Kinachokifanya kiendelee kutambulika ni makaratasi. Manispaa za Nebraska hupata mgao wa fedha za barabara za jimbo, na masharti yake ni kuandaa mpango wa barabara wa mwaka mmoja na wa miaka sita. Masharti yasipotimizwa, mgao unazuiwa. Kwa hiyo huyo mama hukaa na kuandika mpango wa miaka sita wa mji wa mtu mmoja, taa zisizimwe.

#5 Kibatari

Akiitisha kikao akidi inatimia? 😂

#6 Karani_Mstaafu

Mtu mmoja kati ya watano si akidi popote duniani. Ila hakuna wa kuweka pingamizi.

#7 Trekta_Kuukuu

Bwana_Ramani, hesabu uliyoomba hii hapa, na haiendi upande wako.

Ardhi ile imepimwa kwa seksheni: mraba wa maili moja, ekari 640. Sheria ya Homestead ya 1862 ilimpa mlowezi robo seksheni, ekari 160. Robo nne kwa maili moja ya mraba ni familia nne. Weka watu watano kwa familia, unapata 20 kwa maili ya mraba. Boyd County ina maili za mraba 540 hivi na mwaka 1910 ilikuwa na watu 8,826. Gawanya: 16. Yaani wilaya ilikuwa karibu imejaa kadiri mfumo wenyewe ulivyoruhusu. Mwaka 2020 ilikuwa na 1,810, chini ya wanne kwa maili ya mraba.

Kilichotokea katikati ni mashine. Mwaka 1890 busheli 100 za mahindi (kama tani mbili na nusu) zilihitaji saa 35 hadi 40 za kazi ya mtu. Kufikia 1987 zilihitaji chini ya saa tatu. Shamba la wastani Marekani lilikuwa ekari 155 mwaka 1935. Mwaka 2022 lilikuwa 463, na la Nebraska ni zaidi ya mara mbili ya hilo. Mwenye trekta ananunua robo ya jirani, halafu ya jirani wa jirani. Kila robo inayonunuliwa, watu watano hawaji tena dukani Monowi. Mji hauhitaji kuhamwa. Unakosa wateja tu.

#8 Nyota_ya_Kusini

Wakuu, mbona mnazunguka. Mji wa mtu mmoja maarufu ni Buford, Wyoming, uliuzwa kwa mnada 2012 kwa dola 900,000 akanunua Mvietnam. Huyo wa Nebraska ni wa pili.

#9 Msomi_wa_Vichochoroni

Hapana mkuu. Buford haikuwa manispaa iliyosajiliwa. Kilichouzwa ni mali binafsi: kituo cha mafuta, duka, nyumba na ardhi. Monowi ni kijiji kamili kisheria, huwezi kukinadi.

#10 Barua_Haijafika

Trekta na reli mnazipa sifa nyingi. Muulizeni posta.

Kabla ya 1896 mkulima wa Marekani alifuata barua yake mwenyewe mjini. Akienda posta, anapita dukani, anapita kwa mhunzi, anakunywa. Serikali ilianza kwa majaribio kumpelekea barua hadi kwake mwaka 1896, na 1902 mpango ukawa wa kudumu. Ndiyo, mwaka uleule Monowi inazaliwa. 1913 ikaongezwa huduma ya vifurushi. Sasa mkulima anaagiza viatu na jiko kwa katalogi kutoka Chicago, vinashushwa kwenye sanduku lake barabarani. Safari ya mjini imekosa sababu, hata kama farasi bado yupo na trekta haijafika.

Pale Monowi posta na maduka matatu ya mwisho vilifungwa kati ya 1967 na 1970. Shule ikafuata 1974.

#11 Trekta_Kuukuu

Posta ya mashambani ilikuwa ya kudumu tangu 1902, na bado mwaka 1930 mji ulikuwa na watu 123. Sumu gani hiyo inayomnenepesha mgonjwa miaka 28?

#12 Barua_Haijafika

Na trekta yako? Wilaya ilishuka kutoka 8,826 hadi 8,243 kati ya 1910 na 1920. Trekta zilienea kwa wakulima wa kawaida baada ya hapo. Nani alizipunguza hizo roho 583, jini?

#13 Mwanahati

Hao 583 wana maelezo yasiyohitaji mashine wala posta. Homestead haikuwa zawadi ya kudumu, ilikuwa kandarasi. Unalipa dola 12 kujisajili, unajenga, unalima, unakaa miaka mitano, unaleta mashahidi wawili, unalipa dola 6 za mwisho, unapewa hati. Jumla dola 18. Ukishapata hati, ardhi ni yako na unaweza kuiuza siku hiyohiyo. Wengi walikuja na mpango huo tangu mwanzo: kaa mitano, uza, songa mbele.

Kwa hiyo 1910 si kipimo cha watu ambao ardhi iliweza kuwalisha. Ni kipimo cha waliokuwa wanasubiri hati. Trekta_Kuukuu, ule mgawanyo wako wa 16 kwa maili ya mraba umeuanzia kileleni pa wimbi.

Na ardhi yenyewe si ya mahindi yote. Kuelekea mito ni vilima na makorongo, malisho ya ng'ombe. Ekari 160 za malisho hazilishi familia katika sehemu yenye mvua chache, hata ungekuwa na ari ya namna gani.

#14 Mpwa_wa_Standing_Bear (jina la utani tu, msiulize ukoo)

Uzi unaanza 1902 kana kwamba ardhi ilikuwa tupu. Pale Niobrara inapoingia Missouri ni nchi ya Waponca, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani. Mkataba wa Fort Laramie wa 1868 ulijumuisha ardhi yao ndani ya eneo la Wasioux kwa makosa ya makarani, na makosa hayakusahihishwa. 1877 wakahamishwa kwa nguvu hadi Indian Territory, Oklahoma ya leo. Mwanzoni mwa 1879 chifu Standing Bear akarudi na wachache kumzika mwanawe nyumbani, akakamatwa. Mei 1879 jaji Elmer Dundy, Omaha, akaamua kwamba Mwindiani (mwenyeji wa asili) ni mtu mbele ya sheria na anaweza kudai kuachiwa huru.

1882 Bunge la Marekani likasogeza mpaka wa Nebraska hadi latitudo ya 43, na ile kona ya kaskazini ya Niobrara ikatoka Dakota. Boyd County ikaundwa 1891, ikapewa jina la gavana James Boyd. Sensa ya 1890 iliandika watu 695, ya 1900 ikaandika 7,332. Mnapojadili kupungua, kumbukeni kupungua kwa kwanza pale kulifanywa na askari.

#15 Bwana_Ramani

#14 shukrani, hiyo ilikosekana kabisa. Mwanahati, hoja ya kandarasi naikubali kwa wilaya. Kwa mji bado nashikilia farasi.

#16 Mama_Takwimu

Mmesahau nusu ya swali la kichwa cha uzi: wale wawili wa 2020.

Sensa ya Marekani inabanwa na sheria isitoe taarifa inayomtambulisha mtu. Mji wa mtu mmoja ni tatizo la wazi: ukichapisha jedwali la umri, jinsia na asili kwa Monowi, umechapisha fomu ya huyo mama. Mwaka 2010 walitumia kubadilishana kaya zinazofanana kati ya maeneo. Mwaka 2020 wakaleta mbinu ya kuongeza kelele: kila hesabu inaongezwa au kupunguzwa namba ya kubahatisha kabla haijatangazwa. Jinsi inavyofanyika:

1. Hesabu halisi zinapangwa kwa ngazi: taifa, jimbo, wilaya, kisha maeneo madogo zaidi hadi kitalu cha sensa.
2. Kila ngazi inapewa sehemu ya bajeti ya faragha, yaani kiasi cha usiri kinachokubaliwa kupotea. Bajeti ikiwa kubwa, kelele ndogo. Kwa data za kugawa majimbo ya uchaguzi zilizotoka Agosti 12, 2021, jumla yake ilikuwa 19.61: 17.14 za watu na 2.47 za nyumba.
3. Namba zikishachafuliwa zinasawazishwa: zisiwe hasi, zisiwe na desimali, na vitalu vijumlike hadi kufikia jimbo.
4. Jumla ya watu wa kila jimbo haiguswi. Idadi ya nyumba katika kila kitalu nayo haiguswi.

Hatua ya 3 ndiyo inayoumiza vijiji. Sifuri ikipata kelele ya kupunguza haiwezi kuwa hasi moja, inabaki sifuri. Ikipata ya kuongeza inapanda. Kwa hiyo sehemu ndogo sana huelekea kuvimba kidogo, na sehemu kubwa ndizo zinazolipia.

#17 Kibatari

Kwa hiyo wa pili ni mzimu wa kihesabu. Na kodi alipe pia.

#18 Jirani_Mwema

Mama_Takwimu, kuna maelezo mepesi zaidi. Mgeni aliyelala pale Aprili 1, 2020? Au fomu ya nyumba ya nje ya mpaka iliyobandikwa ndani kimakosa? Kijiji chenyewe ni kama nusu kilomita ya mraba, kosa la mita mia linatosha.

#19 Mama_Takwimu

Mgeni haingii. Sensa yao huhesabu mtu pale anapoishi kwa kawaida, siyo alipolala usiku huo. Kosa la anwani linawezekana mahali popote, sikatai. Ila waandishi walipouliza 2021, idara ya sensa yenyewe iliwaelekeza kwenye kelele.

#20 Jirani_Mwema

Idara iliyotengeneza kelele ikisema ni kelele, nitaipimaje? Namba halisi hawatoi.

#21 Mama_Takwimu

Hutaipima, na ndiyo kusudi lake. Alabama walikwenda mahakamani 2021 kuipinga mbinu hiyo, mahakama ikakataa kuizuia. Ukitaka kitu unachoweza kukiamini kwa Monowi 2020, chukua idadi ya nyumba. Ya watu iache.

#22 Daktari_wa_Ng'ombe

Narudi kwenye chanzo. Nadharia ya farasi ina tundu moja linaloitwa Lynch. Ni mji wa jirani upande wa magharibi, njia ya reli ileile, wilaya ileile, mvua ileile, trekta zilezile. Mwaka 2010 Lynch ilikuwa na watu 245 na Monowi 1. Kama ni umbali wa vituo, kwa nini mmoja ulipona?

Jibu langu: Lynch ina hospitali, Niobrara Valley. Hospitali ya kijijini inaajiri wauguzi, wapishi, wa maabara, wa usafi. Hao wanahitaji nyumba, na watoto wao wanahitaji shule. Monowi haikuwahi kuwa na taasisi yenye mshahara wa kila mwezi isipokuwa shule na posta. Zikiondoka hizo mbili unabaki na baa.

#23 Bwana_Ramani

Lakini hiyo inanisaidia mimi! Vituo vilikuwa vingi mno, kwa hiyo katika kila viwili au vitatu mmoja ulipata hospitali na mwingine ukaliwa.

#24 Daktari_wa_Ng'ombe

Sawa, ila reli haikuchagua nani aliwe. Na kijiji cha Gross je? Iko Boyd hiyohiyo, watu 2 mwaka 2010. Chunguza reli ilipita wapi kabla hujajibu.

#25 Mkongomani_wa_Iowa

Hamjambo ndugu. Mnaongea juu ya kupungua tu, na majimbo ya huku yana miji inayokua. Lexington, Nebraska ilikuwa na watu 6,601 mwaka 1990. Mwaka huo kampuni ya nyama ya IBP ikafungua kiwanda cha kuchinja ng'ombe. Mwaka 2000 walikuwa 10,011. Walikuja Walatino kwanza, halafu Wasomali. Huku Iowa Wakongo wanaoongea Kiswahili wako Des Moines, Cedar Rapids na Iowa City. Kiwanda kimoja kinafuta nadharia zenu zote tano.

#26 Trekta_Kuukuu

Kinazifuta hadi siku kinapofungwa. Novemba 2025 ilitangazwa kwamba kiwanda hichohicho cha Lexington kinafungwa Januari 2026, ajira zaidi ya 3,000. Tuone sensa ya 2030 itasema nini.

#27 Msomi_wa_Vichochoroni

Na Boyd iliwahi kuchumbiwa na mradi mkubwa. Mwishoni mwa 1989 eneo karibu na Butte, makao makuu ya wilaya, lilichaguliwa kuwa jalala la taka za mionzi za kiwango cha chini kwa majimbo matano. Wapo waliotaka ajira na fedha za fidia, wapo waliosema bora mji ufe kuliko kuzikwa na taka. Majirani walinuniana miaka tisa. 1998 jimbo likakataa leseni, likashtakiwa, na 2004 likakubali kulipa dola milioni 141. Hakikujengwa kitu.

#28 Kibatari

Milioni 141 kwa wilaya ya watu elfu mbili, kila mmoja anakula dola 70,000!

#29 Karani_Mstaafu

Kibatari, umeelewa kinyume. Jimbo la Nebraska ndilo LILILOLIPA, Boyd haikupokea.

#30 Mwanahati

Ongezeni maji kwenye orodha ya vitu vinavyoua mji. Machi 14, 2019 bwawa la Spencer kwenye Niobrara, la mwaka 1927, lilivunjwa na mafuriko yaliyobeba mapande ya barafu. Daraja la barabara kuu ya 281 likaenda, na bomba la maji la wilaya lililovuka mto nalo likakatika. Chini zaidi, mji wa Niobrara umeshahamishwa mara mbili mzima mzima: baada ya mafuriko ya 1881, na tena miaka ya 1970 kwa sababu bwawa la Gavins Point (lilikamilika 1957) lilifanya mchanga ujae na maji ya ardhini kupanda hadi vyumba vya chini. Mji wenye watu wa kutosha unahamishwa. Wa watu 16, nani atautafutia bajeti?

#31 Jirani_Mwema

Nadharia sasa ni ngapi? Farasi, trekta, posta, hati, hospitali, maji. Kuna namna ya kuzipima au tutabishana hadi Pasaka?

#32 Mama_Takwimu

Ipo ya sehemu. Fomu halisi za sensa Marekani hufunguliwa baada ya miaka 72. Za 1950 zilifunguliwa Aprili 2022. Nenda tovuti ya Nyaraka za Taifa, chagua Nebraska, Boyd, tafuta kurasa zilizoandikwa Monowi juu. Kijiji kizima ni kurasa chache.

Anza na 1930: safu ya kazi inaonyesha nani alikuwa na duka, nani wa reli, nani wa shamba. Kisha 1940, maana iliuliza kila mtu alikuwa anaishi wapi Aprili 1, 1935. Ukiorodhesha kaya za 1930 na kuzitafuta 1940, utajua waliotoweka walikuwa wafanyabiashara (Bwana_Ramani na Barua_Haijafika wafurahi) au wakulima (Trekta_Kuukuu). Tahadhari mbili: mwandiko wa karani hupotosha majina, kwa hiyo tafuta kwa umri na jimbo la kuzaliwa, na msihangaike na 1890, karibu zote ziliharibika kwa moto wa Washington 1921.

#33 Barua_Haijafika

Anguko kubwa ni 1960 hadi 1970, 40 kwenda 16. Fomu za 1960 je?

#34 Mama_Takwimu

Aprili 2032.

#35 Trekta_Kuukuu

Mimi nachukua 1930, Barua_Haijafika achukue 1940. Na asiniwekee mwenye posta kwenye safu ya wakulima.